Bambo Ndani ya Katoni ya Hedifoni

Saa mbili kasorobo asubuhi, Swaumu Amiri Mchopa anachana utepe wa gundi uliofunga katoni, anafunua vifuniko vyake vinne, kisha haichukui hedifoni iliyo juu kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Anazamisha mkono hadi kiwikoni, anapapasa kama anayetafuta yai chini ya kuku anayeatamia, na kuchomoa boksi kutoka safu ya chini kabisa.

"Dada, zote ni zilezile," anasema Kaimu, wakala aliyeileta katoni hiyo kwa gari kutoka Mtwara. "Za juu na za chini zimezaliwa siku moja."

"Basi za juu hazitaona wivu nikianza na ya chini," anajibu Swaumu bila kuinua macho.

Wapo kwenye kibanda cha mabati karibu na kituo cha mabasi cha Nachingwea. Ndani ya katoni kuna hedifoni arobaini na nane zisizo na waya, zile kubwa za kufunika masikio, zimepangwa safu tatu, kumi na sita kila safu. Bei ya jumla ni shilingi elfu kumi na tisa kwa moja. Kaimu anataka jibu kabla ya adhuhuri, kwa sababu gari lake linaendelea Ruangwa, na huko, anasema, kuna mfanyabiashara anayenunua bila maswali.

Swaumu ana shilingi laki tisa na nusu. Hana nyingine. Mnada wa kwanza wa korosho umebaki wiki mbili, na wiki chache baada ya mnada ndizo pekee katika mwaka ambazo mkulima wa hapa hununua kitu asichokula. Akichagua katoni nzuri, mwaka wake umepona. Akichagua mbaya, fedha itakwisha na jina litakwenda nayo. Na jina ndilo analoliogopea zaidi, kwa sababu limewahi kupotea mara moja katika ukoo wake, na anakumbuka ilichukua muda gani kulirudisha.

Swaumu ana miaka thelathini na saba na mtoto mmoja, Amna, anayesoma darasa la sita. Kwa siku za kawaida huuza chaja, vioo vya kukinga simu na waya za spika, na hubaki na shilingi elfu saba hadi kumi na mbili kwa siku. Jumanne hufunga mzigo kwenye mabegi mawili na kwenda kuuza gulioni Ruangwa.

Hedifoni alianza kuziuza misimu minne iliyopita, baada ya kugundua kwamba wateja wake wengi si vijana wa muziki. Ni watu wazima wanaookota korosho. Wanataka kusikiliza taarifa ya habari, mawaidha au mpira huku wameinama, na waya hunasa kwenye matawi ya mikorosho, ambayo hutambaa chini kuliko kimo cha mtu.

"Mtu anakatikiwa na waya mara tatu kwa msimu," anasema. "Ya nne anakuja kuuliza ile isiyo na waya bei gani. Ukimtajia, anakuangalia kama umemtukana. Kwa hiyo lazima iwe ya bei ambayo hataona ametukanwa, na isikike vizuri. Hivyo viwili havipendi kukaa nyumba moja."

Anavua nailoni kwenye boksi la chini. Kaimu anafumba macho, kama aliyechomwa sindano. Boksi likishavuliwa nailoni, analalamika, Ruangwa halitakubaliwa kuwa jipya.

Swaumu anamjibu kwamba katika ghala la korosho, zinazokatwa ili kupimwa hazirudi kwa mwenyewe, wala hajapata kuona gunia likinunuliwa bila kukatwa korosho zake. Analisema hilo kwa sauti ya mtu anayesoma kanuni. Kwa misimu saba ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Alikuwa mpiga bambo. Bambo ni chuma kirefu chenye mdomo mpana na ncha kali. Mpiga bambo hukichoma kwenye gunia juu, katikati na chini, na kila kinapotoka hutoka na korosho za mahali pale. Hizo hukatwa kwa kisu moja moja na kupangwa kwenye ubao, watu wakaona nyeupe ni ngapi na nyeusi ni ngapi. Gunia likikataliwa, hupigwa alama ya rangi nyekundu ili lisirudi kupitia mlango mwingine.

Mkulima, anasema Swaumu, hupanga korosho nzuri juu, maana mnunuzi hufungua juu. Mjanja kidogo huweka nzuri na chini pia, kwa ajili ya yule atakayeligeuza gunia.

"Uongo hukaa katikati," anasema. "Katikati ndiko kwenye joto, na ndiko mkono haufiki."

Ndiyo maana hakubabaishwa na sampuli. Wiki iliyotangulia, Kaimu alimletea hedifoni moja ya kujaribu. Swaumu aliichaji, akaiwasha saa moja asubuhi na kuandika kwenye daftari muda ilipozimika. Ililia kwa saa ishirini na mbili. Kwenye boksi imeandikwa arobaini, lakini yeye hajawahi kuona boksi linalosema kweli, na ishirini na mbili zinamtosha mwokota korosho siku tatu. Sampuli ilikuwa nzuri. Kwake, hilo halikuwa jibu la swali lolote. Hata mkulima mwenye gunia bovu huja na bakuli la korosho nzuri mkononi.

Hedifoni ya chini inawaka. Swaumu anaiunganisha na simu yake na kufungua sauti ambayo wateja wote wa kibanda hiki wanaijua. Wala si wimbo. Ni korosho zinazomwagwa kwenye sakafu ya saruji.

Sauti ziko mbili, kila moja ya sekunde kumi na tano. Ya kwanza ni ya korosho zilizokauka sawasawa. Ya pili ni ya korosho za uzito uleule zilizoanikwa siku moja tu. Aliyekulia hapa hahitaji kufundishwa tofauti yake. Kavu hulia kama vigae, mbichi huanguka kizito kama mtu anayevua viatu. Watoto huijua kabla ya kujua kusoma, kwa kuwa ndiyo sauti inayoamua kama jamvi lianuliwe leo au kesho.

Kipimo hicho Swaumu alikibuni mwenyewe, baada ya kuona kwamba muziki humdanganya mteja. Hedifoni mbovu hutiwa besi nzito, na besi nzito humfanya mtu atikise kichwa na kutoa fedha. Lakini hedifoni ya namna hiyo ikipewa korosho, kavu na mbichi zote hulia sawa, kishindo kimoja cha ngu-ngu-ngu. Isiyoweza kutofautisha korosho, anasema, haiwezi kutofautisha sauti ya mtangazaji na upepo.

Ya chini inatofautisha. Anaweka simu mezani na kutembea hadi mlango wa duka la pembejeo, hatua ishirini na tano, hedifoni ikiwa kichwani. Haikatiki. Anarudi, anachomoa ya juu. Nayo inatofautisha.

"Umeona?" anasema Kaimu, na mkono wake tayari uko kwenye kitabu cha risiti.

Wakati huo anafika Mzee Anuari, mkulima wa Likunja mwenye miaka sitini na minane, aliyekuja Nachingwea kwa shughuli za hospitali na ambaye mkewe amechoka na redio yake. Wiki iliyopita aliulizia hedifoni, akaambiwa mzigo haujafika. Anavuta kigoda cha Dafrosa, mwanamke anayeuza maandazi kibanda cha pili, anakaa bila kukaribishwa na kutazama katoni iliyo wazi.

"Wewe si binti Amiri wa Marambo?" anamuuliza Swaumu. "Amiri wa kokoto?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vizuri unavifungua. Kwa jina hilo, mimi vilivyofungwa nisingenunua."

Dafrosa anageuza maandazi na kujifanya hakusikia. Swaumu anamvika mzee hedifoni na kumsikilizisha sauti zile mbili. Mzee Anuari anasikiliza amekunja uso. Anakiri anazitofautisha, lakini hakubali kwamba hiyo ni sifa ya hedifoni. Korosho hizo amezirekodi nani? Swaumu. Amezichagua nani? Swaumu. Basi kesi ni ya nyani, anasema, na hakimu ni ngedere.

Anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti na kutoa konzi mbili za korosho, zake mwenyewe, za shambani kwake Likunja, alizokuwa akimpelekea shemeji yake aone zilivyokauka. Anaagiza zirekodiwe hizo. Dafrosa anasafisha sehemu ya sakafu kwa upande wa kanga, mzee anamwaga, Swaumu anarekodi. Kisha Mzee Anuari anavaa hedifoni na kusikiliza. Anaomba arudiwe. Anasikiliza mara ya tatu, amefumba macho.

Anazivua na kuzitazama korosho zilizo sakafuni.

"Hizi hazijakauka," anasema.

"Hazijakauka, mzee."

"Na kesho nilikuwa nazifunga kwenye magunia." Anazikusanya korosho zake moja moja na kuzirudisha mfukoni. "Bei gani hiyo takataka yako?"

Ni shilingi elfu ishirini na nane. Mzee anataja kumi na tano, kwa desturi tu, na Swaumu anamwambia mzigo bado si wake, angoje hadi adhuhuri.

Neno *kokoto* halikumshtua. Amelisikia miaka kumi na sita. Msimu ule alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alimsindikiza baba yake, Amiri Mchopa, kupeleka magunia mawili kwenye ghala. Bambo lilipotoka katikati ya gunia la pili, lilitoka na kokoto tatu. Gunia likamwagwa mbele ya foleni nzima. Kokoto zilipimwa, zikawa kilo sita.

Mzee Amiri alisema ziliingia wakati wa kuanika, maana alianika kwenye uwanja uliokuwa ukichimbwa msingi wa nyumba. Ameendelea kusema hivyo hadi leo. Swaumu hakumwamini wala hakumwambia kwamba hamwamini. Magunia yote mawili yalipigwa rangi nyekundu. Misimu miwili iliyofuata mizigo ya nyumba yao ilimwagwa chini kila ilipofika, na hata dada yake aliyekuwa amechumbiwa aliulizwa na mawifi, kwa mzaha, kama na yeye ana kilo sita za nyongeza.

Kazi ya bambo aliipata kwa sababu ya fedheha ileile. Karani wa ghala jingine alimwajiri kibarua akisema mbele ya watu kwamba binti wa aliyeficha atajua panapofichwa. Swaumu anasema karani yule alikusudia kumdhihaki, na kwamba alikuwa sahihi.

Elimu hiyo, hata hivyo, iliwahi kumponza. Misimu miwili iliyopita alinunua hedifoni sitini. Alichomoa za juu, za katikati na za chini, akazisikiliza zote, zote zikatofautisha korosho. Akazinunua na kuziuza zote ndani ya siku kumi na mbili. Kabla ya mwezi kuisha, thelathini na moja zilirudi. Zilikuwa zikilia kwa saa moja na nusu tu, kisha zinazima.

"Nilikosea kama mtu wa korosho," anasema. "Korosho ukishaikata umemaliza. Haiwezi kuwa nyeupe leo asubuhi na nyeusi jioni. Nikadhani na hedifoni ni hivyo, ukiisikia imelia vizuri basi imesema yote. Kumbe ilikuwa imechajiwa kiwandani kwa ajili ya kunidanganya mimi."

Alibadilisha alizoweza na kuomba radhi kwa zilizobaki. Wapo waliomwambia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Tangu hapo ana daftari la saa, na ana mizani ndogo ya kidijitali, aliyoinunua kwa mnunuzi wa dhahabu wa Namungo aliyeacha kazi. Betri ina uzito, anasema, na betri ndogo hupunguza uzito. Lakini Jumamosi hii hana siku nzima ya kuziliza hedifoni. Ana saa tatu.

Anapima ya juu: gramu mia mbili na kumi na nne. Ya chini: mia mbili na kumi na tatu. Anaingiza mkono katikati ya katoni na kuchomoa moja, kisha ya pili na ya tatu. Kaimu sasa hafumbi macho. Anaangalia barabarani.

Mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na tano. Zinaunganika na simu, zinatofautisha korosho.

Mtu mwingine angelipa hapo. Swaumu bado ameshika ya tatu kwa mikono miwili. Halafu anafanya jambo ambalo halimo kwenye daftari lake. Anaipeleka sikioni ikiwa imezimwa na kuitikisa, kama wanawake wa hapa wanavyotikisa korosho moja kujua kama kiini kimeachana na ganda.

Ndani kuna kitu kinachogusa. Kidogo sana, tik.

Anaitikisa ya juu. Kimya. Ya chini, kimya. Anamwita Mzee Anuari, ambaye bado yupo kwenye kigoda na andazi lake, na kumpa zote tatu bila kumwambia ipi ni ipi. Mzee anatikisa, anatega sikio, anamrudishia ile ya tatu.

"Hii ina kokoto," anasema, na safari hii hakuna mzaha.

Swaumu anachukua bisibisi. Anabandua sponji ya sikio la kulia, anafungua skrubu nne. Ndani kuna spika, ubao wa saketi, na betri isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Pembeni yake, kwenye nafasi ambayo betri ya kweli ingekaa, kimebandikwa kipande cha chuma bapa. Gundi yake imeachia upande mmoja, na ndiyo maana kimegonga. Anakiweka kwenye mizani. Gramu kumi na tatu.

Anafungua ya juu na ya chini. Zina betri nene ya kujaa kitanga cha mtoto, na hakuna chuma. Anafungua mbili nyingine za katikati, ambazo hazikugonga. Zote zina chuma.

Dafrosa ameliacha karai lake na kusogea.

"Dada, wallahi sikujua," anasema Kaimu. "Mimi napokea zimefungwa, naleta zimefungwa. Ningejua ningekuruhusu uingize mkono?"

Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kuna mambo mawili yasiyoelekea upande huo. La kwanza, Kaimu alisema asubuhi kwamba za juu na za chini ni sawa, na kweli ni sawa. Hakuzitaja za katikati. La pili, hakuuliza kile chuma ni nini. Swaumu anayasema yote mawili kwa sauti, na kwa haki anaongeza kwamba hayathibitishi kitu. Mtu anaweza kutozitaja za katikati kwa sababu tu hakuzifikiria.

Anamwambia atanunua safu ya juu na ya chini, pamoja na zile mbili alizozifungua, ambazo nazo atazilipia. Jumla thelathini na mbili. Kaimu anasema katoni haikatwi. Ni yote au basi. Kule Ruangwa itachukuliwa nzima kabla jua halijaegemea.

Swaumu anaanza kuzirudisha ndani, moja moja, kwa mpangilio uleule. Hafanyi haraka. Anasema baadaye kwamba katika dakika zile alijua vizuri anachokirudisha. Ukiacha safu ya katikati, ni mzigo mzuri kuliko wote aliowahi kuletewa kwa bei hiyo, na hakukuwa na wakala mwingine atakayefika kabla ya mnada. Shilingi laki nne katika fedha zake zilitokana na ufuta wa baba yake, ambao mzee alimwambia auze, bila kumuuliza fedha itarudi lini.

Kaimu anatoka nje, anageukia ukuta na kupiga simu mara mbili. Anaporudi, anasema sawa, thelathini na mbili.

"Na hizi kumi na sita?" anauliza Swaumu.

"Zinarudi kwa mwenyewe."

"Kwa njia ya Ruangwa au ya Mtwara?"

Kaimu anatazama gari lake. Swaumu anafungua droo, anatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ya binti yake. Sharti lake ni kwamba kila moja ya zile kumi na sita itawekwa alama ndani ya utepe wa kichwa, mahali ambapo mvaaji haoni lakini mnunuzi akikunja ataona. Bila alama, hanunui hata moja. Kaimu anasema huo ni udhalilishaji.

"Ni desturi ya ghala," anajibu Swaumu. "Nyumbani kwetu lipo gunia lenye alama hiyo mpaka leo. Tumelizoea."

Alama kumi na sita zinachukua dakika ishirini. Mzee Anuari anashika maboksi yaliyo wazi ili rangi ikauke. Moja ya zile kumi na sita, ile iliyogonga, Swaumu anainunua kwa bei kamili. Kaimu anamtazama kama aliyechanganyikiwa, lakini anachukua fedha. Saa sita kasoro dakika kumi gari linaondoka, likielekea upande wa Ruangwa.

Jumanne inayofuata, kwenye gulio la Ruangwa, Swaumu anaziona hedifoni za aina ileile kwenye meza nyingine, mpya, ndani ya nailoni. Anaomba moja ifunguliwe akunje utepe. Mwenye meza anakataa na kumuuliza kama amekuja kununua au kukagua. Anaondoka. Huenda ni zile, huenda ni za katoni nyingine. Hana ushahidi, na hataki kusema asichokuwa na ushahidi nacho. Lakini kila mteja anayemfikia siku hiyo anafundishwa kukunja utepe na kutikisa hedifoni iliyozimwa, na gulio ni mahali ambapo habari haihitaji gari.

Kufikia jioni ameuza tisa.

Ijumaa anakwenda Marambo kwa baba yake. Mzee Amiri Mchopa ana miaka sabini na mmoja na bado anaokota korosho zake mwenyewe. Swaumu amemletea hedifoni moja kati ya zile nzuri. Mzee anaipokea kwa mikono miwili, haulizi inawashwa wapi. Anaipeleka sikioni na kuitikisa.

Hakuwa ameambiwa lolote kuhusu Jumamosi. Swaumu anamsimulia, kisha anafungua mfuko na kumwonyesha ile mbovu, ikiwa wazi, na kipande chake cha chuma. Mzee anakichomoa na kukigeuza kwenye mwanga. Anakipima kwa kiganja.

"Huyo kijana alijua?" anauliza.

"Amesema hakujua."

"Umemwamini?"

"Sijui, baba."

Mzee Amiri anakirudisha chuma mahali pake, anakibonyeza kikae. Kwenye kizingiti cha chumba nyuma yake limetandikwa gunia lililofifia, na katika kona yake bado inaonekana rangi.

"Mimi nilijua," anasema.

Swaumu anasema hakuuliza zaidi. Baba yake alivaa hedifoni na kumwomba amtafutie taarifa ya habari, kisha akarudi kwenye jamvi. Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii, siku hiyohiyo, kama maneno yake yanaweza kuandikwa gazetini, Mzee Amiri alijibu kwamba yaandikwe kama yalivyo, kwa kuwa yamechelewa vya kutosha.

Kutokana na faida ya msimu huu, Swaumu amepanga kukodi meza ya kudumu Ruangwa, shilingi elfu thelathini kwa mwezi, na kuiwekea kioo. Chini ya kioo ataweka hedifoni mbili zilizopasuliwa, moja yenye betri na moja yenye chuma, kama korosho zilivyopangwa kwenye ubao wa ghala. Kila mzigo mpya atakaoleta, moja itakatwa na kuwekwa hapo, na hasara ya hiyo moja ni yake.

Juu ya meza litaandikwa jina la biashara. Fundi wa mabango alimshauri aandike jina lake la kwanza tu, Swaumu, ambalo watu hawana neno nalo. Amemrudishia karatasi yake ya mchoro. Anataka liandikwe kamili, na jina la baba yake liwe na ukubwa uleule.